Kwa Wauza Vyuma Chakavu

Wapo waniambiao, ndugu msomaji, kwamba daraja lisilopitisha magari ni chuma chakavu tu. Nakataa. Lile la Coalbrookdale, Uingereza, lilisimamishwa mwaka 1779, mwaka uleule Samuel Crompton alipokamilisha mashine yake ya kusokota pamba. Magari yalipigwa marufuku 1934. Lakini tazama viungo vyake! Mafundi hawakuwa na mazoea ya kuunga chuma cha kusubu kwa ukubwa ule, wakakiunga kama seremala aungavyo mbao: ndimi, matundu, kabari. Tani 378 zimeshikana hivyo juu ya mto Severn. Kitabu gani kingenionyesha hayo, mafundi wazima wakijifunza kazi upya? Ninyi mngeliuza kwa kilo.