Bomba la Hewa Halitibu Breki

Nina ugomvi na bomba lile la mashine ya kukaushia nguo. Kijana analinunua dukani, anatoboa bampa, anang'oa bati la kinga lililo nyuma ya diski, kisha analifunga kwa vifungo vya plastiki ili lipeleke upepo kwenye breki. Gari lenyewe si la mashindano. Ni la kwenda kazini, kupeleka watoto shule, na Jumamosi kufuata harusi ya ndugu mji mwingine. Kwa gari kama hilo, bomba ni hatari ambayo mwenye gari anaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Breki za magari yetu Louisville, Columbus na Buffalo haziuawi na joto. Zinauawa na chumvi, mafuta yaliyozeeka na uzembe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachotibiwa na upepo.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,500 linalosimama kutoka mwendo wa kilomita 110 kwa saa linageuza mwendo wake wote kuwa joto la kilojuli 700 hivi, na breki za mbele hubeba sehemu kubwa zaidi, tuseme asilimia 70. Kama kila diski ya mbele ina kilo 7 za chuma, joto lake litapanda kwa nyuzi 75 au 80. Ni joto la kukuunguza kidole, lakini diski inalimudu bila shida. Na ukiwa kwenye barabara ya I-71 kutoka Louisville kwenda Columbus, kisha I-90 kuelekea Buffalo, unaweza kwenda kilomita nyingi bila kukanyaga breki tena, na upepo wa safari unazipoza bure. Diski nyingi za mbele zina nafasi za hewa katikati ya kuta zake mbili. Zikizunguka, zinavuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Bomba linalopuliza upande mmoja tu wa diski linapoza upande huo na kuuacha mwingine.

Mara nyingi anayefikia kutoboa bampa ameona dalili ya kweli, ila ameisoma vibaya. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, kwa kawaida uso wa diski umepoteza usawa, na hewa haiwezi kuurudisha. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine, huenda kalipa imekwama na pedi haiachii. Kuipulizia hewa hapo ni kumpepea mgonjwa wa malaria bila kumpa dawa. Pedali ikizama, kwanza tazama kama kuna mahali panapovuja, kisha uliza mafuta yana umri gani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kubadilisha mafuta kunarudisha nyuzi zote hizo, na chupa yake haina bei ya kutisha.

Halafu kuna baridi. Mdomo wa bomba uliotobolewa chini ya bampa haumezi upepo peke yake. Buffalo, theluji ya ziwani inapoanguka na barabara kumwagiwa chumvi, mdomo huo unameza tope la chumvi na kulipeleka moja kwa moja kwenye diski na kalipa, na lile bati la kinga limeshatupwa. Chumvi si jambo la kupuuza. Mwaka 2015 idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, NHTSA, iliwahimiza wenye magari ya zamani katika majimbo ya chumvi, zikiwemo New York na Ohio, waoshe sehemu ya chini ya gari na kukagua mabomba ya breki, kwa sababu kutu huyala mpaka yakapasuka. Tena bomba lililofungwa kwa plastiki likilegea, hapo karibu pana tairi, waya wa ABS na mpira wa breki.

Najua jibu litakalokuja: mbona magari ya kasi yana njia za hewa za breki? Ni kweli, na yanazihitaji. Corvette, inayoundwa Bowling Green hapo kusini mwa Louisville, huenda kwenye viwanja vya mbio, na katika uwanja wa Mid-Ohio, kaskazini mwa Columbus, dereva hukanyaga breki kwa nguvu kona baada ya kona, mzunguko baada ya mzunguko, bila kuzipa nafasi ya kupoa. Anayekwenda huko aweke njia ya hewa iliyoundwa kwa gari lake na iliyokazwa vizuri. Mwingine atauliza kuhusu milima. Waliokulia Uvira na Bukavu wanaujua mteremko wa Ngomo, na madereva wa Tanzania wanaijua Kitonga. Huko anayekuokoa ni gia ndogo, na hata gari la otomatiki linayo. Wa tatu atasema kijana aachwe ajifunze ufundi. Namuunga mkono kabisa, na ndiyo maana nataka aanze kwa kufungua kalipa, kuisafisha, kuipaka grisi inayostahili na kutoa hewa kwenye mafuta. Huo ndio ufundi unaolisha familia.

Jimbo la New York linadai ukaguzi wa gari kila mwaka, na breki zimo. Kentucky na Ohio hazina ukaguzi wa namna hiyo kwa magari ya kawaida ya familia. Kwa hiyo ndugu wa Louisville na Columbus, hakuna ofisa atakayeinama chini ya gari lako kabla mama na watoto hawajapanda. Inama wewe. Tazama pedi, gusa mipira, badilisha mafuta, osha chumvi. Na bomba la kukaushia nguo lirudishe kwenye mashine yake.