Bekapu Kwenye Diski Ileile

Jamani, nimechoka na wenzangu waandishi wa programu. Mtu akisikia neno "hatari" tu, anataka kuunda kitufe cha kununulia bima kwenye simu. Bonyeza, lipa kwa M-Pesa, lala usingizi. Haya, tukipeleke kitufe hicho Kangeta, kule Igembe, tuone.

Kangeta wanaishi kwa miraa. Uholanzi ilipiga marufuku zao hilo Januari 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Machi 2020 Somalia ikafunga mlango wakati wa korona, na haikuufungua tena hadi Julai 2022. Hapakuwa na ukame wala wadudu. Mti ulisimama palepale na majani yake. Aliyepotea ni mnunuzi.

Bima gani italipa hasara hiyo? Tunaisifu Kilimo Salama, na inastahili. Ilianza 2009: kituo cha hali ya hewa kilipima mvua, mvua ikikosa mkulima alitumiwa pesa kwa simu, bila fomu. Kazi safi. Lakini bima yoyote husimama kwa sababu wengi wanachanga na wachache wanapata hasara. Mvua ikikosa hapa, huenda kwingine imenyesha. Marufuku haichagui. Inampiga mkulima, mchumaji, dalali, dereva na mama wa hoteli, wote siku moja. Nani atamlipa nani?

Utaniambia chama kipo. Chama ni kizuri kwa matanga na karo. Lakini watu ishirini wauza miraa wanaokopeshana pesa za miraa ni bekapu iliyowekwa kwenye diski ileile yenye data. Diski ikiungua, vyote vimekwenda. Hakuna mtu wa kompyuta anayekubali upuuzi huo ofisini kwake, lakini tukifika kwa mkulima tunaupaka rangi na kuuita ubunifu.

Kwa hasara ya aina hiyo, dawa ni kinga: kipato kinachotoka kwa mnunuzi mwingine kabisa. Makadamia, maziwa, chai kwa wenye mashamba ya juu. Ndiyo, makadamia nayo huanguka bei, ila si lazima ianguke siku moja na miraa. Tena mti wake huchukua miaka kuzaa, kwa hiyo hupandwa wakati miraa inalipa. Siku ya marufuku umeshachelewa.

Bima tuiachie yale yanayompata mmoja mmoja: ugonjwa, ajali ya bodaboda, nyumba kuungua. Na hapo kazi ipo tele. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ina kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani angalau 3,600. Mtu wa miraa hupata pesa siku ya kuuza, kidogo kidogo. Basi andika programu inayomwekea akiba kila siku ya mauzo hadi mchango utimie. Haina mbwembwe, lakini italaza mgonjwa hospitalini.

Ndugu yangu, kabla hujaandika hata mstari mmoja, uliza: hasara hii ikija, itampata mmoja au itatupata sote? Kama ni sote, kitufe chako ni pambo.