Kabla ya Mkasi Kugusa Kitambaa

Wiki hii tunayaweka kando masuala ya mirathi tuliyokuwa nayo, ingawa, kama msomaji atakavyoona, hatutatoka nje ya mlango wake moja kwa moja. Tumepokea barua ya mama mmoja ambayo haifai kungojeshwa. Binti yake amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Nyumbani mna cherehani ya mkono aliyoiacha nyanya yake, yaani mamake huyo mama aliyetuandikia. Binti amejaribu kujishonea blauzi mara mbili, na mara zote mbili kitambaa kimeharibika. Ya kwanza ilimbana kwapani hata asiweze kuinua mkono. Ya pili ilifuliwa mara moja tu ikaruka juu, haimsitiri tena kiuno. Baba mtu amesema basi, cherehani iuzwe. Mama anauliza: je, kuna dhambi ya israfu katika kitambaa kinachoharibika mtu anapojifunza? Na binti aanzie wapi?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi. Israfu ni kutumia mali kupita haja yake. Mali inayotumika katika kujifunza kazi ya halali ina haja ya wazi, nayo haihesabiwi israfu maadamu mwenyewe anachukua hadhari. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akishona nguo yake mwenyewe nyumbani. Basi tuliache neno la dhambi tuzungumzie hadhari. Barua inaeleza kwamba mishono ya binti imenyooka na haifumuki. Kasoro zake zilitangulia kushona: ya kwanza ilikuwa katika kiolezo, ya pili katika kitambaa.

Pengine msomaji atashangaa, sisi na blauzi wapi na wapi. Tumekulia katika nyumba ambayo kanzu zilikatwa juu ya mkeka, na mwenye kuijua kanzu ana la kusema juu ya blauzi. Kanzu ina badani mbele na nyuma, ina taharizi za ubavuni, na chini ya mkono ina kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa baina ya mkono na ubavu. Vijana hukidhani kikwapa kuwa ni ukale. Kazi yake ni kumwezesha mvaaji kuinua mkono pasi na kuivuta nguo nzima juu. Blauzi nyingi za leo hazina kikwapa. Badala yake mkono hukatwa peke yake ukiwa na kichwa cha mviringo, kisha kichwa hicho huingizwa katika tundu la bega. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika blauzi, kwani kichwa cha mkono huwa kipana kidogo kuliko tundu, na lazima kikusanywe polepole kisifanye makunyanzi. Mwanafunzi akiona hakitoshi hupunguza kichwa kwa mkasi, na hapo ndipo kwapa linapobana.

Kwa hiyo binti achague kiolezo ambacho mkono na badani vimekatwa pamoja, au mkono ulionyooka kama wa kanzu, na chini yake atie kikwapa cha sentimita 10 kwa 10. Shingo iwe ya duara. Kola, vifungo na zipu avingojee hadi blauzi ya tatu au ya nne. Kiolezo chenye vipande vinne au vitano kinafundisha zaidi kuliko chenye kumi na viwili kinachoachwa njiani.

Violezo vya karatasi vinavyouzwa kwa saizi vilianzishwa mwaka 1863 na Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Massachusetts, Marekani. Tangu hapo hadi leo kiolezo cha kununua hukatwa kwa mwili wa kukadiria, na nambari iliyoandikwa juu yake haiendi sawa na nambari ya nguo za dukani. Mwenye kuvaa 14 ya dukani asichukue kiolezo cha 14 kwa sababu hiyo. Ajipime kifua kwa sentimita, utepe ukipita sehemu iliyojaa zaidi, kisha aangalie jedwali la kiolezo. Ajue pia kama kiolezo kimekwisha kuhesabu akiba ya mshono. Vingi vya Marekani na Uingereza huiweka, nayo ni sentimita 1.5; violezo vya gazeti la Burda la Ujerumani kwa desturi haviiweki, na asiyejua hilo hupata blauzi ya mtoto.

Juu ya kipimo cha mwili kuna nafasi ya kupumua. Blauzi ya kukaa mwilini huongezwa sentimita 5 hadi 8 kifuani. Sisi tunaotaka nguo isiyochora umbo tuongeze 15 hadi 20. Ikizidi sana hapo, bega hudondoka, na nguo huonekana ya kuazima.

Asiye na fedha ya kununua kiolezo anacho tayari kabatini. Achukue blauzi kuukuu inayomkaa vyema, aifumue mishono kwa uangalifu, apige pasi kila kipande, akitandaze juu ya karatasi ya khaki ile ya kufunikia madaftari, na achore pembezoni. Magazeti yanafaa, ila wino wake huchafua kitambaa cheupe. Na kama hakuna ya kufumuliwa, sokoni Kongowea katika mitumba hakosi kupata moja iliyokatwa vizuri, hata kama rangi yake imekwisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hatujaona fundi akilitaja, nalo ndilo lililotufanya tuipe barua hii ukurasa mzima. Blauzi ya Mwislamu huvaliwa na mtu anayetawadha. Aya ya udhu imetutaka kuosha mikono hadi viwikoni, na kiwiko kimo ndani ya faradhi. Mkono wa blauzi ukiwa mwembamba mwisho wake, haupandi. Walimu wa madrasa wametueleza mara nyingi jinsi mabanati wanavyopitisha kiganja chenye maji juu ya kitambaa kwa sababu mkono wa nguo umekataa kupanda, au wanavyoahirisha Adhuhuri hadi wafike nyumbani. Hili si jambo la kuwakaripia; ni la kupimwa kwa utepe. Pima mzingo wa mkono juu kidogo ya kiwiko, ongeza sentimita 5, na mwisho wa mkono wa blauzi usiwe mwembamba kuliko hapo. Anayependa mwisho uliobana atie mpira ndani ya pindo la mkono mpana. Utakaa kwenye kifundo wakati wa kazi na utapanda wakati wa udhu. Kitu kidogo cha mpira kinaokoa sala.

Vivyo hivyo shingo na urefu. Shingo pana huanguka mbele mtu anaporukuu, na blauzi fupi hupanda mgongoni anaposujudu. Katika madhehebu yetu ya Shafii sitara ya sala hutakiwa kwa juu na pembeni. Najua wengi nyumbani hujitanda shuka la sala na hawaoni tatizo, lakini binti aliye shuleni au kazini hana shuka kila mahali. Blauzi ishuke chini ya makalio kiasi cha shibiri moja. Na kabla ya kupiga cherehani mshono wa mwisho, vipande viungwe kwa bandi za mkono, nyuzi ndefu zinazofumuka kwa urahisi, kisha aivae ainue mikono, arukuu, asujudu, akae. Palipovuta paonekane hapo, wakati uzi bado unatoka kwa kuvutwa.

Tukija kwenye kitambaa, watu hukichagua kwa jicho na kukilipa kwa mwili. Hapa Pwani jasho ni la mwaka mzima. Pamba hubeba unyevu wa hewa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na reyoni hupita hapo. Poliesta haifiki hata asilimia 1, ndiyo maana hugandama mgongoni. Muuzaji akisema ni pamba tupu, omba nyuzi chache za ukingoni, uzichome nyumbani juu ya bakuli la maji ukizishika kwa kibanio. Pamba na reyoni huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaacha tone gumu jeusi. Hariri hunuka kama unywele uliounguzwa. Nayo ni halali kwa wanawake wetu, lakini inateleza chini ya sindano, haimfai anayeanza, na ni ghali mno kuiharibu.

Kisha kitambaa kipelekwe mlangoni kwenye jua, mkono utiwe nyuma yake. Vidole vikihesabika, kitambaa hicho kinahitaji bitana, na bitana ni kitambaa cha pili, joto la pili na gharama ya pili. Doria na shifoni hupendeza jora likiwa limefungwa, kwa kuwa tabaka kumi zimelaliana. Ukikunjua tabaka moja unaona ulichonunua. Kwa mwanafunzi tunapendekeza poplini ya pamba yenye rangi iliyokolea au maua madogo. Hailetelezi, inashika pasi, na kosa la nusu sentimita halionekani. Mistari na maumbo makubwa yaachwe, kwani lazima yakutane ubavuni. Jezi nayo na vitambaa vingine vinavyovutika vina violezo vyao, havichanganywi na hivi.

Kwa upana wa sentimita 150, mita 2 hutosha blauzi ndefu ya mikono mirefu kwa mwili wa kawaida. Kwa sentimita 115 hesabu mita 2 na nusu. Na kabla ya yote, kitambaa kifuliwe kama nguo itakavyofuliwa, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Mita 1 ya pamba isiyofuliwa huweza kupoteza sentimita 3 hadi 5 kwa urefu, na reyoni huzidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ajali ya blauzi ya pili. Mshale uliochorwa kwenye kiolezo ulale sawa na mtande, nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora, kwani kipande kilichokatwa mshazari ili kubana kitambaa kitajipinda mwilini baada ya kufuliwa mara chache.

Jaribio la kwanza la kiolezo kipya lifanywe kwa marikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho jina lake limebaki tangu karne ya 19, kilipokuwa kikiletwa Unguja na Pwani yetu kutoka viwanda vya Massachusetts. Shuka la kitanda lililochakaa linatosha pia. Makosa yote yaishie humo. Sindano nambari 11 inafaa poplini na doria. Nambari 14 iwekwe kwa vitambaa vizito, na sindano iliyokwisha ncha itupwe, maana huvuta nyuzi na lawama hupewa cherehani.

Kuhusu kuuzwa kwa cherehani, tunamheshimu baba na tunaelewa uchungu wa fedha iliyokatwa vipande. Hatutamdanganya kwamba nguo ya kushona nyumbani daima ni rahisi. Mitumba ni rahisi kuliko poplini yoyote. Faida yake iko kwingine. Kila mwaka, Ramadhani ikifika katikati, mafundi wa mitaani hukataa kazi kwa wingi wake, na msichana mwenye kuweza kukata blauzi tano zilizokaa vyema hupata riziki bila kutoka mlangoni pa mamake. Lakini kabla ya faida kuna suala la nani mwenye mali. Cherehani iliyoachwa na marehemu ni tirka. Kama nyanya hakumpa mtu hiba ikakabidhiwa katika uhai wake, basi ni ya warithi wake: huyo mama na nduguze, kila mmoja kwa fungu lake, pamoja na wengine kama wapo. Mkwe si katika warithi. Baba hawezi kuiuza, hata kwa nia njema, ila kwa idhini yao. Mama amsomee mumewe maneno haya kwa upole baada ya chakula, asiyatumie kama fimbo. Na yeye mwenyewe awaulize nduguze, kwa sababu haki yao imekuwa ikifanya kazi chumbani mwake miaka yote hii na pengine hakuna aliyewataka radhi.

Limebaki moja, tumeulizwa na wengine pia: blauzi ya leso. Inafaa, ni pamba, na doti moja hutosha blauzi na zaidi. Upande mmoja wa leso ni kiasi cha mita 1 na nusu kwa mita 1 na kidogo, na uzuri wake umo katika pindo, basi pindo lipangwe liangukie chini ya badani na mwisho wa mikono. Jina lisomwe kabla ya kukata, maana lililo tamu ukutani huenda likawa fedheha likikaa kifuani mbele ya wakwe. Na leso iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu isikatwe blauzi. Itaingia nayo chooni na vipande vyake vitafagiliwa. Kama imekwisha kukatwa, vipande vyenye maandishi hayo vikusanywe vichomwe, au vizikwe mahali safi.