JIKO KWANZA, SEBULE BAADAYE



Malipo ya korosho yameanza kuingia. Kila mwaka wakati kama huu nyundo husikika toka kitongoji hiki mpaka kile. Huyu anaezua makuti aweke bati, yule anapiga plasta, mwingine amemwita fundi wa dari kutoka mjini. Jambo hilo ni jema na tunalipongeza. Mkulima aliyetoa jasho shambani ana haki ya kulala mahali pazuri. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba gazeti la ukutani linakataza watu kujenga. Hapana.

Tunaandika kwa sababu ya jambo moja tu. Katika nyumba nyingi pesa za ukarabati zinaanzia sebuleni na kuishia sebuleni. Dari ya jipsamu, sebuleni. Rangi ya mafuta, sebuleni. Makochi, mapazia, kabati la vioo, yote sebuleni. Ukizunguka uani unakuta jiko ni lile lile la miaka yote: kibanda cheusi, dirisha hakuna, mafiga matatu chini, na moshi unatokea mlango ule ule anaotokea mpishi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Siku hizi yafaa tuongeze: wala si kochi.

Basi tunasema wazi. Shilingi ya kwanza ya ukarabati iende jikoni. Ya pili iende chumba cha kulala na sakafu. Sebule ingoje, haitakufa.

Hebu tuhesabu saa, kama tulivyofundishwa kwenye darasa la kisomo. Mgeni huketi sebuleni saa moja au mbili, tena si kila siku. Mama yuko jikoni asubuhi kwa uji, mchana kwa ugali, jioni kwa chakula cha usiku. Ukijumlisha unapata saa tatu au nne, kila siku iendayo kwa Mungu, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Sasa chumba kinachotumika sana ndicho tunachokitengeneza mwisho, na kinachotumika kidogo ndicho tunachokipamba kwanza. Hesabu hiyo imekaa vibaya.

Na moshi si jambo la kuchekea. Moshi wa kuni una vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho, nalo hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Huleta nimonia kwa watoto wadogo, kifua kisichopona na ugonjwa wa moyo kwa watu wazima, na huchangia mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mara nyingi tunasema bibi fulani ana macho mekundu kwa sababu ya uzee. Kumbe mengine ni miaka arobaini ya kupuliza moto.

Wako wenzetu wana hoja zao, nazo zinastahili kujibiwa.

Wa kwanza anasema: "Moshi unahifadhi mbegu zetu za mahindi darini." Ni kweli, wazee walitundika mbegu juu ya moto na dumuzi hawakuzigusa. Lakini leo ipo njia nyingine. Mahindi yakikauka sawasawa juani, yakatiwa katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa na kufungwa kwa nguvu, wadudu hufa kwa kukosa hewa. Mbegu inapona bila mama kukohoa.

Wa pili anasema: "Moshi unafukuza mbu." Moto wa jikoni huzimwa baada ya kula. Mbu wa malaria hufanya kazi yake usiku mkubwa tunapolala, na saa hiyo moshi haupo.

Wa tatu anasema: "Mgeni akija ataona nini?" Ndugu, methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Haisemi mgeni njoo mwenyeji akohoe. Mgeni aliyeletewa wali usionuka moshi, na mama mwenye nyumba akaja kumsalimu bila kufuta machozi kwa kanga, ataisifu nyumba hiyo kuliko ile yenye dari.

Sasa kazi yenyewe. Nyingi haihitaji fundi wa mjini.

1. Madirisha. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba nafasi za kupitisha hewa zisipungue sehemu moja ya kumi ya sakafu. Jiko la mita 4 kwa mita 3 lina mita 12 za mraba. Kwa hiyo linahitaji nafasi ya mita 1.2 za mraba. Madirisha mawili, kila moja sentimita 60 kwa mita 1, yanatosha kabisa. Yawekwe katika kuta mbili zinazotazamana ili upepo uingie huku utokee kule. Yote mawili yakiwa upande mmoja, upepo unagonga na kurudi.

2. Juu ya ukuta. Jikoni ukuta usifike mpaka kwenye paa. Acha shubiri moja pande zote, maana moshi hupanda juu. Paa litokeze nje vya kutosha mvua isiingie.

3. Jiko banifu. Udongo wa kichuguu, mchanga, maji na mikono, hivyo vyote tunavyo bure. Jiko hilo hufunika moto pande zote, joto likaenda kwenye sufuria badala ya kupotea, na kuni hupungua. Likiwa na bomba la moshi ni bora zaidi, ila bomba lipite juu ya paa, na penye makuti lisiguse makuti hata kidogo. Tumewahi kusikia nyumba ngapi zimeungua kwa cheche?

4. Kimo. Jiko linyanyuliwe mpaka kiunoni mwa mpishi. Mama hatainama tena, na mtoto anayetambaa hatafikia moto wala sufuria ya uji. Anayejua uchungu wa mtoto aliyeungua hatauliza kwa nini.

5. Kuni. Zikaushwe na kupasuliwa vipande vidogo. Kuni mbichi ni moshi mtupu. Sufuria ifunikwe.

6. Gesi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, shabaha ikiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo aanze. Lakini ajue kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini kama maji. Kwa hiyo jiko la gesi lataka tundu la hewa chini ya ukuta pia, si juu peke yake. Mtungi usimame wima, mbali na moto.

Na ye yote asiingize jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi akafunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu, haiamshi mtu. Huua watu wakiwa usingizini.

Tukitoka jikoni twende chumba cha kulala. Hapa kanuni inageuka. Jikoni tumefungua juu ya ukuta, chumbani tufunge. Nafasi ile kati ya ukuta na paa ndiyo barabara kuu ya mbu wa malaria. Tuizibe kwa udongo au matofali, madirisha tuyawekee wavu, na mlango ufunge vizuri. Tusizibe madirisha kwa mbao, maana watu watalala katika joto watupe vyandarua. Huko Gambia wataalamu walijaribu jambo hili na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa juu ya kuta, mbu ndani walipungua kwa zaidi ya nusu. Zile zilizowekewa dari ya wavu peke yake, walipungua kwa karibu nusu. Watoto waliopungukiwa damu wakawa wachache zaidi. Mwaona basi, sisi hatuna ugomvi na dari. Tunasema dari ya wavu juu ya kitanda cha mtoto itangulie dari ya jipsamu juu ya kochi. Na chandarua kiendelee kutumika.

Halafu sakafu. Sakafu ya vumbi huficha funza na mayai ya minyoo, na mtoto hutambaa humo humo. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali iliwapa watu saruji ya sakafu kuanzia mwaka 2000. Wataalamu walipopima walikuta minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto vimepungua kwa zaidi ya robo tatu. Sakafu ya chumba cha mita 12 za mraba, unene wa sentimita 3, kwa kipimo cha ndoo 1 ya saruji na ndoo 4 za mchanga, yataka kama mifuko 3 ya saruji. Chini yake udongo ushindiliwe kweli kweli, la sivyo itapasuka kabla ya masika.

Hayo yakiisha, nani atakataza sebule? Paka chokaa, nunua kochi, tundika picha ya harusi.

Limebaki jambo lililo gumu kuliko udongo. Fundi akija huongea na baba barazani. Wanapima, wanapatana bei, wanapeana mkono. Mama anaitwa kuleta maji ya kunywa. Kwa nini asiulizwe? Yeye ndiye ajuaye moshi unakoelekea upepo wa kusi ukivuma, na mtoto analala wapi akiwa na homa. Korosho hizo ziliokotwa na mikono minne, basi na zipangwe na vichwa viwili.

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika chini ya miti kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili nchini waliingia katika vikundi vile, wakatoka hapo wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakuwa na jipsamu. Walikaa, wakasikilizana, wakaanza na kilichokuwa kinawaua. Sisi tulio na bati na saruji tusishindwe na wao.

Kwa hiyo katika mkutano wetu mkuu ujao tutaleta pendekezo juu ya mkopo wa ukarabati wa nyumba kutoka mfuko wetu. Pendekezo lina mambo mawili. Moja, waombaji wa kutengeneza jiko, chumba cha kulala au sakafu wapewe kwanza, na wa sebule wafuate pesa zikibaki. Mbili, fomu ya mwenye ndoa itiwe sahihi na mume na mke wote wawili. Asiyekubaliana aje aseme mkutanoni. Kunong'ona kilabuni hakuhesabiwi kuwa kura.

Na kabla ya siku hiyo kila baba afanye jambo dogo. Aingie jikoni kwake wakati ugali unapikwa, afunge mlango nusu, aketi juu ya kigoda mpaka ugali uive. Akitoka atakuwa anajua pa kupeleka pesa za korosho.

Katibu