Miguu ya Mpakani Hainunui Katuni

Kijana mmoja mchoraji wa hapa Gisenyi alinijia juzi akicheka peke yake. Amepata chumba cha duka karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, Kongo. Kodi inauma, lakini ataivumilia: atauza vitabu vya katuni, vyake na vya wenzake. Nikamuuliza wateja ni akina nani. Akanyoosha mkono kuelekea mpakani. "Mzee, si unawaona wale wote?"

Nawaona. Kabla ya korona mpaka huu ulivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Na kila mshauri wa biashara, kuanzia yule wa semina hadi shemeji yako, ana wimbo mmoja tu: fungua penye watu, mengine yatajipa. Wimbo huo ni uongo, na muuza katuni atakayeucheza utamfilisi.

Simama pale asubuhi na mapema utazame vizuri. Mama ana beseni la nyanya kichwani na mtoto mgongoni. Kijana amebeba kuku, vichwa chini miguu juu. Baiskeli za walemavu, zile za magurudumu matatu, zimelemewa magunia hata mwenyewe haonekani. Kila mmoja ana karatasi yake ya kuvukia mkononi na hesabu moja moyoni: afike sokoni Goma kabla bei haijaanguka. Huyo umwoneshe katuni? Atakupita kama mti. Jioni akirudi, pesa aliyonayo imeshagawanywa: unga, ada, deni. Muuza sambusa atapata riziki yake pale, kwa kuwa njaa haingoji. Hadithi ya picha inangoja, na inaweza kungoja hadi kodi ikumalize.

Halafu umati wenyewe si wako. Ni wa serikali mbili, na wa mlima. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, Gisenyi ilifurika watu kuliko siku yoyote ya soko, nao walikuwa wamebeba magodoro. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kupigwa risasi hapo hapo mpakani, mpaka ukawa unafungwa saa tisa alasiri. Januari 2025 vita vya Goma vilirusha makombora hadi huku Rubavu. Sijasikia mwenye nyumba aliyepunguza kodi kwa sababu jirani zetu wanapigana.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza katuni. Katuni zilizopendwa kuliko zote katika ukanda wetu zilijitembeza. Sani, jarida la Dar es Salaam, lilifika kwa wasomaji mikononi mwa wauza magazeti, likasomwa kwa kinyozi na kijiweni, nakala moja vichwa kumi. Aliyelinunua alilitafuta, alitaka kujua safari hii mhusika wake Ndumilakuwili amemlaghai nani. Kinshasa, mwaka 1990, mchoraji Papa Mfumu'eto alitoa vijitabu vya bei ya chini kwa Kilingala, vikauzwa mitaani, na mji mzima ukazungumzia joka lililomeza mwanamke likatapika pesa. Kenya, mwaka 2010, Shujaaz ilianza kutolewa bure, ikiwa ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kukodi chumba penye miguu mingi.

Najua jibu la wasomi wetu wa Kifaransa: mbona Brussels kuna maduka ya katuni katikati ya jiji? Yapo. Lakini Tintin alianza mwaka 1929 kwenye nyongeza ya watoto ya gazeti, kipande kwa kipande, wiki baada ya wiki. Msomaji alizoeshwa kwanza, rafu zikamfuata. (Kwamba safari yake ya pili ilikuwa ya kuja kuwadhihaki Wakongo, hiyo ni makala nyingine.) Na kitabu kimoja cha Kibelgiji chenye jalada gumu kinazidi yuro 10 hata kabla ya nauli ya kufika huku. Kijana wangu anataka pia kupanga vya namna hiyo dirishani mwa duka. Vitapendeza. Vitapauka kwa jua.

Duka la katuni linaishi kwa neno moja lililo chini ya ukurasa wa mwisho: itaendelea. Mteja mmoja anayerudi kila mwezi kudai sehemu inayofuata ni bora kuliko elfu wanaokupita mbio. Na watu wa kurudi hupatikana walikokaa: kwa kinyozi, stendi wakingoja basi la Kigali, ufukweni Jumapili mchana, nje ya shule kengele ikishalia. Azimisha kwa sarafu chache kama hawawezi kununua. Chapa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, maana Goma nayo inasoma. Rafu moja kwenye saluni nne ina faida kuliko chumba kizima pale mpakani.

Kabla hajaondoka aliniachia nakala ya kazi yake: mama wa nyanya anayekuta mpaka umefungwa, na mwanawe yuko ng'ambo. Inakatikia pale pale, askari ameinua mkono. Nimeisoma mara mbili. Mwanangu, ile pesa ya kodi ipeleke kwa mchapaji, uniletee sehemu ya pili.