Filme iliyoingia mwangaza, musiitupe

Wandugu wasomaji wa Kapata, leo siandiki juu ya umeme wala maji. Naandika juu ya kosa langu.

Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, nilipiga foto za papa mumoja muzee wa hapa mutaani, aliyetumika Gécamines miaka mingi. Alivaa kofia yake ngumu ya kazi, akasimama mbele ya mulango wake. Zilikuwa foto za kwanza za filme ya nyeusi na nyeupe, ile ya foto 36. Nikaendelea na soko, watoto, njia. Siku tatu kisha, nikafungua mugongo wa apareyi nikizani filme imekwisha kurudi ndani ya kikopo. Haikurudi. Nilifunga mbio, lakini jua la saa sita lilikwisha kuingia.

Nilitaka kuitupa. Mupiga picha mumoja wa zamani akanikataza: "Mwanangu, jua limeona foto za juu tu. Za chini halijaziona."

Alisema kweli. Ndani ya apareyi filme inajizungusha kama bandeji: foto za kwanza zinabaki ndani, za mwisho zinakaa inje. Mwangaza unaunguza za inje, na hizo zinalinda za ndani. Sehemu isiyopigwa ingali salama ndani ya kikopo.

Tuliisafisha usiku, madirisha yamezibwa. Dawa ilikuwa D-76, nyuzi 20, dakika za kawaida. Muzee hakupunguza hata moja, kwa sababu dawa haiwezi kuondoa mwangaza uliokwisha kuingia. Ukipunguza dakika, unazofisha hata foto nzima. Tulichunga joto tu. Maji ya mwezi wa kumi hapa kwetu ni ya moto, na dawa ya moto inatumika haraka sana, basi tuliweka chombo ndani ya beseni ya maji baridi.

Foto za mwisho zilitoka nyeusi kabisa kwenye negativi. Za katikati ziliungua pembeni. Papa alibaki, kofia yake na macho yake.

Alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Foto ile ndiyo iliwekwa juu ya sanduku lake.

Wengine watasema: leo kuna telefone, filme ni ya nini? Lakini telefone ikiibwa, foto ngapi zinaenda nayo? Negativi iliyooshwa vizuri inaweza kudumu kuliko sisi. Na hapa Kolwezi tunahama sana, migodi inakula mitaa. Familia ikifunga vyombo, bahasha ya negativi "zilizoharibika" ndiyo inatupwa ya kwanza. Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi, alitengeneza kazi yake *Mémoire* kwa kuunganisha foto za zamani za wafanyakazi wa migodi na viwanda vilivyobomoka vya leo. Kama wangezitupa zile foto, angeunganisha nini?

Basi naomba mambo matatu. Ukifungua apareyi kwa kosa, funga, rudisha filme ndani ya kikopo, andika juu yake "imeingia mwangaza", uisafishe kama nyingine. Ukihama, bahasha ile iende nawe. Na ninyi wazee mulio na ufundi wa chumba cha giza, muite vijana wawili watatu, muwafundishe mungali na nguvu. Mimi nimefundishwa kwa ajali. Wao wafundishwe kwa kusudi.