Umoja wa Kusaidiana Usisubiri Msiba

KILA Ijumaa misikiti ya Karatu huwakusanya Waislamu waliotoka mbali: wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, madereva wa magari ya watalii, wapishi na wahudumu wa hoteli zilizo kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Wengi wao wameacha wazazi na ndugu Kondoa, Singida, Tanga na kwingineko. Mmoja wao akifishwa usiku wa leo, nani atamwosha, nani atamkafini, na sanda itanunuliwa kwa fedha ya nani?

Swali hili si geni. Wazee wetu waliohamia mijini zama za ukoloni walilijibu kwa kuunda vyama. Dar es Salaam na Tanga, hata vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilikuwa na desturi ya kusaidia wanachama wagonjwa na kuzika wafu wao. Katika ngoma zile yapo mengi tusiyoyaunga mkono, lakini hili la kutomtupa mgeni lilikuwa la kheri. Mwaka 1933 ikaasisiwa Dar es Salaam Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Kleist Sykes, mtoto wa askari mhamiaji kutoka Msumbiji. Jumuiya hiyo ikawajengea watoto wa Kiislamu shule. Mwaka 1945 ikafuata jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, kwa juhudi za Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, nayo ikajenga shule na misikiti.

Mwaka 1968 viongozi wa EAMWS nchini wakafarakana, na mwaka huohuo Serikali ikaipiga marufuku. Waislamu wangali wakibishana juu ya chanzo chake. Sisi tunachukua funzo moja: jengo la miaka mingi hubomolewa na ugomvi wa muda mfupi.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipozuia watalii, hoteli zilifungwa na vijana wengi wakabaki bila mshahara. Hapo ilidhihiri kwamba anayehitaji ndugu si maiti peke yake. Hai naye hukwama.

Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Na katika Suratul Maidah, aya ya 2, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Amri hiyo haitekelezwi kwa kupitisha kofia baada ya msiba kutokea.

Kwa hiyo tunashauri kila msikiti wa Karatu uwe na umoja wenye daftari, mchango mdogo wa kila mwezi, sanda zilizonunuliwa mapema, na wanaume kwa wanawake waliofundishwa kuosha maiti. Wagonjwa, wajane na mayatima wawe na fungu lao. Hesabu isomwe hadharani baada ya swala ya Ijumaa, kila baada ya miezi mitatu. Ikiwa Suratul Baqara, aya ya 282, inataka deni la watu wawili liandikwe na lishuhudiwe, vipi amana ya watu mia iachwe mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mcha Mungu?

Uongozi wa umoja huo uwe utumishi, si cheo cha kugombewa. Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo na atulindie amana zetu. Amin.